Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Tamaduni cha Wanafunzi

Mheshimiwa Mlezi wa chama, wajumbe wenzangu wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama,

Assalamu alaykum. Bwana asifiwe. Namaste kwa wale wawili watatu ambao mwaka jana walilalamika kuwa hawasalimiwi.

Awali ya yote tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tena. Mkutano ulitangazwa kuanza saa 3 asubuhi, na akidi imetimia saa 5 kasoro, baada ya Katibu kuwafuata watu dahalia mlango kwa mlango. Nawashukuru mliofika kwa wakati. Mnajijua, na si wengi.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Tulipokea wanachama wapya mwanzoni mwa muhula. Tulitembelea Mji Mkongwe, tukaanzia kanisa la Mkunazini lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa, tukapita hekalu la Wahindu, tukamalizia msikitini kwa sala ya Adhuhuri. Tulifuturisha mara moja katika Ramadhani, na wanachama wetu Wakristo ndio waliogawa tende na uji, jambo lililosifiwa na kila aliyekuwepo. Julai tulikwenda Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi. Watu wakaona wanaume wakitwangana kwa vigogo vya migomba, kibanda kikachomwa, akina mama wakaimba, tukakirimiwa chakula kama ilivyo ada ya wenyeji wale kwa kila mgeni, tukarudi salama. Waliosema gari ilichelewa kuondoka wakumbuke iliwasubiri wao.

Barza za mazungumzo zilikuwa sita. Iliyofana zaidi ni ya lahaja. Mzungumzaji alieleza jinsi mkutano wa Mombasa wa 1928 ulivyokichagua Kiunguja cha mjini kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na vijana wa Makunduchi na Tumbatu, wenye lahaja zao, wakataka kujua wazee wao waliulizwa lini. Tulitoka ukumbini baada ya saa 4 usiku, na mlinzi alikuwa ameshazima taa mara mbili. Barza tano nyingine zilikwenda vizuri pia, isipokuwa kwa mahudhurio, nitakayoyarejea.

Sasa niingie kwenye suala la mabanda, kwa sababu najua ndilo lililowaleta leo baadhi yenu ambao sikuwaona mwaka mzima.

Siku yetu ya Tamaduni huwa tarehe 21 Mei, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga tangu 2002 kwa ajili ya anuwai za utamaduni, mazungumzo na maendeleo. Kwa miaka yote tuliyoikuta, siku hiyo iliendeshwa kwa mabanda ya asili: banda la Pemba, banda la Unguja Kusini, banda la Mjini, banda la Bara, banda la Wangazija, yaani watu wa Komoro, na banda moja lililoandikwa "Wageni". Majaji walizunguka wakitoa alama, na mshindi alipewa kikombe. Mwaka huu Kamati Tendaji iliamua kuyafuta mabanda hayo pamoja na kikombe, na badala yake tukapanga mabanda kwa mambo: harusi, chakula, muziki, mavazi na ufundi. Kila banda liliendeshwa na watu waliotoka sehemu tofauti.

Uamuzi huo umeniletea maneno mengi. Nimeambiwa niliamua peke yangu. Si kweli. Kikao kilikuwa na wajumbe saba kati ya tisa, kura tano zikakubali, mbili zikakataa, na muhtasari umo kwenye jalada la Katibu kwa yeyote anayetaka kuusoma. Wajumbe wawili ambao hawakuja kikaoni, bila udhuru wa maandishi, ndio hao hao walioandika kurasa nzima kwenye kundi la WhatsApp usiku ule kwamba hawakushirikishwa. Katiba yetu inaipa Kamati mamlaka ya kupanga namna ya kuendesha matukio. Haisemi popote kwamba kila turubai lazima lipigiwe kura na Mkutano Mkuu.

Nimeambiwa pia kwamba nilitaka kuwafurahisha wafadhili. Mfadhili gani? Aliyetoa fungu kubwa mwaka huu hakuwahi hata kuuliza mabanda yamepangwaje. Aliuliza kama kutakuwa na supu ya urojo.

Na nimeitwa Mpemba aliyewauza Wapemba, kwa kuwa banda la Pemba lilishinda miaka miwili mfululizo na safari hii halikupata pa kushindia. Mimi nimezaliwa Wete. Halua iliyowapa ushindi mwaka juzi niliipakata mimi kwenye boti kutoka Pemba hadi Bandari ya Malindi, kwa nauli yangu, na sikudai hata shilingi. Picha za mchezo wa ng'ombe, ule wa watu kumchokoza fahali uwanjani, zilizopamba banda lile zilitoka kwa ami yangu. Kwa hiyo asinifundishe mtu kuipenda Pemba, hasa yule ambaye tangu aje Unguja hajarudi hata Sikukuu.

Sababu zetu zilikuwa za wazi. Ya kwanza, mashindano yaligeuka ugomvi. Mliokuwepo mwaka jana mnakumbuka majaji walivyotangaza matokeo, bango la banda moja likachanwa, na watu wa chumba kimoja dahalia wakawa hawasalimiani mpaka mitihani ikaisha. Chama kilichoundwa ili watu wazungumze kilikuwa kinawanunisha watu.

Ya pili ni nzito zaidi. Tuna mwanachama ambaye baba yake ni Mngazija, mama yake Mnyamwezi, naye amezaliwa Ng'ambo, mitaa ya hapa hapa mjini, na hajaishi kwengine. Mwaka jana kila banda lilimwambia aende la jirani, na siku nzima akaishia kwenye meza ya usajili akiwapa wengine beji. Tuna kijana wa Kihindi ambaye yeye, baba yake na babu yake wote wamezaliwa ndani ya Mji Mkongwe. Kamati iliyotutangulia ilimweka banda la "Wageni", pamoja na wanafunzi wa Kijerumani waliokuja muhula mmoja kujifunza Kiswahili. Alikaa, kwa adabu zake, akawafasiria wale Wajerumani bei ya sambusa. Wapo wanaosema hilo lilikuwa jambo dogo. Mimi nililiona kwa macho yangu na sikuliona dogo.

Ya tatu, hayo mabanda yenyewe, ukiyachunguza, hayasimami. Banda la Mjini lilikuwa likijivunia taarabu na urojo. Taarabu tunajua ilivyokuja. Inasimuliwa kuwa Sultan Barghash alimpeleka mtu Misri akajifunze ala, kikundi cha Akhwan Safaa kikaanzishwa 1905, na Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, shamba hasa, akenda Bombay 1928 kurikodi nyimbo kwa Kiswahili. Sasa hapo kuna Misri, kuna India, kuna Fumba. Banda lipi lipewe alama? Urojo nao una bajia na kachori za Kihindi, na juu yake chipsi za muhogo, na muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini. Karafuu ambayo sisi Wapemba tunaiona kama damu yetu ililetwa huku karne ya 19 kupitia visiwa vya Mascarene, yaani Mauritius na Réunion. Mwaka Kogwa unahusishwa na Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi, na mchezo wa ng'ombe wa Pemba wengi wanaunasibisha na Wareno. Sisemi kwamba hatuna chetu. Nasema kwamba chetu kimepitia mikono mingi, na kukigawa kwa kamba na turubai kisha kukipa alama kumi kwa kumi ni kazi isiyo na faida.

Na matokeo? Banda la harusi peke yake linatosha kunijibia. Binti wa Chake Chake alieleza singo anayosuguliwa biharusi, na hina, na kazi ya somo anayemfunda, kijana wa Mwanza akaeleza ng'ombe wa mahari wanavyohesabiwa na wanavyobishaniwa, na mwenzetu wa Ngazija akaeleza harusi kubwa ya kwao ambayo mwanamume anaweza kuidundulizia miaka mingi, kwani bila hiyo neno lake halina uzito mbele ya wazee wa mji. Watu waliuliza maswali mpaka adhana ya Alasiri. Bibi mmoja mpishi tuliyemwalika kwa ajili ya mkate wa kumimina aliacha jiko lake akaja kubisha kuhusu mahari, mikate miwili ikaungua, na nasikitika kwa mikate tu. Katika banda la muziki, kijana wa Tabora aliingiza ngoma ya kwao ndani ya muziki wa kidumbaki, na hakuna aliyeuliza anatoka banda gani.

Nakubali kuwa waliohudhuria walikuwa takriban 150, na mwaka uliopita walizidi 300. Takwimu hiyo imetumiwa sana dhidi yangu. Lakini wanaoitumia hawasemi kwamba mvua ya masika ilinyesha toka alfajiri, kwamba kitivo kimoja kilipanga mtihani wa majaribio siku hiyo hiyo licha ya barua yetu ya mapema, na kwamba kati ya wale 300 wa mwaka uliopita wengi walifika saa 7 mchana, wakala, wakapiga picha, wakaondoka. Mwaka huu chakula kilibaki saa 8 na watu bado wapo. Hilo nalo lihesabiwe.

Nimepokea hoja ya maandishi ya kutaka mabanda ya zamani yarudi. Itapigiwa kura baada ya taarifa hii, na nitaheshimu matokeo. Naomba tu wapigaji kura wawe wanachama hai kwa mujibu wa katiba, yaani waliolipa ada, na hapo ndipo shida inapoanza.

Chama kina wanachama 138 kwenye daftari. Waliolipa ada ya shilingi 10,000 ni 46. Ndugu zangu, 46! Bei ya chipsi kuku na soda. Mshika Fedha amepiga simu, amesubiri kantini, amefika hadi kuitwa majina. Wapo waliomwambia watalipa mkopo ukiingia. Mkopo ukaingia, simu mpya zikaonekana, ada haikuonekana. Kati ya waliosaini hoja ya mabanda, zaidi ya nusu wanadaiwa. Sitawataja, lakini orodha imebandikwa mlangoni, na mliipita mlipokuwa mnaingia.

Mahudhurio ya barza ndiyo hayo hayo. Ile ya lahaja ilijaza ukumbi. Iliyofuata ilikuwa na watu 22, na ya mwisho, iliyohusu wazee wetu na maisha ya Ng'ambo kabla ya majumba ya ghorofa ya Michenzani, ilikuwa na watu 9, watatu kati yao wakiwa wazungumzaji. Mzee mmoja alitoka Bububu kwa daladala kuja kuzungumza na viti. Mimi ndiye niliyemsindikiza kituoni, na sikuwa na la kumwambia.

Kuhusu fedha: ada 460,000, michango ya wahisani 700,000, mauzo ya chakula Siku ya Tamaduni 315,000, jumla shilingi 1,475,000. Tumetumia 1,445,000: turubai, viti na spika 480,000, vyakula 520,000, usafiri wa Makunduchi 260,000, bango, uchapaji na mengineyo 185,000. Salio ni 30,000. Kwenye salio hilo haijatolewa 120,000 niliyokikopesha chama kwa mfuko wangu ili spika zisichukuliwe kabla ya taarabu kuanza. Siidai leo. Nimeitaja ili iingie kwenye kumbukumbu.

Mwakani, Mungu akijaalia, tunakusudia kwenda Pemba, ikiwezekana wakati wa mchezo wa ng'ombe, na tumeanza kufikiria namna ya kurikodi sauti za wazee kabla hawajatutoka. Kuna mazungumzo ya awali na wanafunzi wa vyuo vingine hapa Unguja juu ya kushirikiana. Kamati ijayo italiangalia pia suala la ukumbi mkubwa zaidi, fedha zikiruhusu.

Nawashukuru Mlezi wetu, Katibu, Mshika Fedha na akina mama wa jikoni. Kura ya mabanda itaanza mara tu baada ya maswali. Mshika Fedha amekaa karibu na mlango na kitabu cha risiti, na ana chenji.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti