Nyota ya Afrika ya nani, Mhariri?

Mhariri, shikamoo, na kama tunalingana umri basi habari za kazi.

Nimeisoma makala yenu ya Jumapili kuhusu yule rubani Mjerumani wa Vita vya Pili vya Dunia, Hans-Joachim Marseille, nikairudia tena nikiwa kwenye daladala, sikatai imeandikwa vizuri, ila kile kichwa cha habari "Nyota ya Afrika" kimenikaa kooni mpaka leo. Hilo jina lilikuzwa na propaganda ya Berlin, na nyie mmelibeba hivyohivyo.

Jamaa alikuwa fundi, hapo hatubishani. Kijana wa Berlin, kazaliwa Desemba 1919, mkaidi balaa, 1940 kule juu ya Uingereza alidai ndege 7 lakini na za kwake mwenyewe kapoteza kadhaa, mpaka kamanda wake Steinhoff akachoka naye akamtimua. Akaangukia kwa kamanda mwingine, Neumann, wa kikosi cha ndege za kivita cha JG 27, wakapelekwa Libya Aprili 1941, na huko ndo akautengeneza ule mchezo wake ambao nyie mmeupitia juujuu. Yaani wenzake wanashuka kwa kasi, wanapiga, wanasepa, yeye anajitosa katikati ya duara la ndege za adui, anapunguza moto wa injini, anashusha flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa, mpaka ndege inakaribia kuning'inia, halafu hapigi pale adui alipo, anapiga pale anapokwenda kufika, kama wewe unavyomrushia jiwe kunguru anayekatiza uani. Risasi chache, kazi imeisha.

Alidai ndege 158, kati ya hizo 151 Afrika Kaskazini, na 17 kwa siku moja tu, 1 Septemba 1942. Nasema alidai, nyie mmeandika "aliangusha", kumbe kwenye vita vile marubani wa pande zote walikuwa wanahesabu nyingi kuliko zilizoanguka. Halafu karibu zote zilikuwa faita, ndege za kupigana na ndege wenzake, zile za kurusha mabomu hakuzigusa sana, nazo ndo zilizokuwa zinamchoma Rommel, jenerali wa Wajerumani huko, misafara yake ya mafuta.

Sasa hiyo Afrika yenyewe. Tarehe 3 Juni 1942 karibu na Bir Hakeim, jangwani Libya, alidai ndege sita ndani ya dakika 11, na zilikuwa za skwadroni ya 5 ya Afrika Kusini. Siku 18 baadaye Tobruk, mji wa bandari wa Libya, ikaanguka mikononi mwa Wajerumani, Waafrika Kusini maelfu wakatekwa, na mmoja wao ni huyo mtu mweusi kwenye picha yenu mliyoandika chini yake "Marseille na mtumishi". Mtumishi! Ana jina, Mhariri, anaitwa Mathew Letulu, Wajerumani walikuwa wanamwita Mathias. Alikuwa askari wa jeshi ambalo lenyewe lilikuwa haliwapi weusi bunduki, unakwenda vitani unashika usukani na sururu. Wajerumani wakamweka dereva, Marseille akamchukua awe msaidizi wake, wakazoeana kweli, kwenye hema lenye santuri za rumba na jazi, muziki ambao wakubwa wa Berlin walikuwa hawataki hata kuusikia. Urafiki ulikuwepo, lakini tusipake rangi, mateka anakataaje kazi?

Marseille alijua huyu mtu akibaki peke yake ataumia, akamwahidisha mwenzake Ludwig Franzisket amtunze endapo yeye hatarudi. Na hakurudi. 30 Septemba 1942 alikuwa na ndege mpya ya Messerschmitt aina ya G-2, hata hakuwa anaitaka, injini ikaharibika kwenye safari ya kurudi, moshi ukajaa chumba cha rubani mpaka haoni, wenzake wanamwelekeza kwa redio, akavumilia mpaka wakafika upande wao, akaigeuza ndege chali ili aruke, mkia ukamgonga, parachuti halikufunguka. Miaka 22 tu. Hakuna adui aliyemgusa siku hiyo.

Wajerumani wenyewe mwaka 2021 walilitoa jina lake kwenye kambi ya jeshi la anga kule Appen, wakaweka la Jürgen Schumann, rubani wa ile ndege ya abiria ya Lufthansa iliyotekwa 1977, aliyeuawa Aden kabla ndege haijafika Mogadishu. Hilo nalo kwenye makala halimo, sijui nafasi iliisha au mwandishi aliishia 1942.

Nafasi ikipatikana, tuandikieni juu ya Job Maseko. Huyu naye Mwafrika Kusini mweusi, naye alitekwa Tobruk, wakampangia kupakua mizigo bandarini. Julai ileile ya 1942 akachukua kopo la maziwa ya kopo, akalijaza baruti, akaweka utambi, akalificha ndani ya chombo cha Wajerumani kati ya madumu ya mafuta, akawasha, akaondoka zake. Chombo kikazama. Kopo la maziwa, Mhariri! Na yeye sijawahi kusikia gazeti likimwita nyota ya mahali popote.

Msomaji wenu wa kila Jumapili,
Tanga