Chakula cha samaki huharibikia ghalani

Mhariri,

Mfugaji akiona ngege (tilapia) wake wamedumaa, lawama huenda kwa maji au kwa kiwanda kilichotengeneza chakula. Ghala halitajwi. Ilhali huku kwetu Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega, ambako unyevu wa hewa ni mwingi na mvua haikatiki kwa muda mrefu, chakula kizuri huweza kuharibika kikiwa mikononi mwa mwenyewe, tena ndani ya mfuko ambao haujafunguliwa. Chakula humeza zaidi ya nusu ya gharama ya kufuga samaki, kwa hiyo jambo hili linastahili nafasi katika gazeti lako.

Kosa kubwa kuliko yote hufanyika dukani: kununua kingi kwa mkupuo. Kikundi hukusanya pesa, huvutwa na bei ya jumla, na gari huleta mifuko ya miezi minne. Hebu tupige hesabu ya kidimbwi cha mita 300 za mraba, kipimo tulichozoea tangu serikali ilipoanza kuwachimbia wananchi vidimbwi mwaka 2009. Ukiweka samaki 3 kwa kila mita ya mraba, unao 900. Wakiwa na gramu 20 kila mmoja, uzito wao wote ni kilo 18; ukiwalisha asilimia 5 ya uzito huo, wanakula gramu 900 kwa siku. Mfuko wa kilo 20 utawatosha wiki tatu. Wakifika gramu 100, uzito ni kilo 90, na kwa asilimia 3 wanakula kilo 2.7 kwa siku, yaani mifuko minne hivi kwa mwezi. Sasa mtu aliyenunua mifuko kumi siku alipoleta vifaranga ana kazi gani nayo? Isitoshe, samaki wakikua wanahitaji peleti (punje za chakula) kubwa zaidi na zenye protini kidogo kuliko za vifaranga, na zile ndogo hubaki zimerundikwa pembeni mwa chumba.

Nunua cha mwezi mmoja. Pima samaki 30 kila baada ya wiki mbili, upate wastani, ndipo uagize. Wenzetu wa Nakuru wazingatie jambo hili zaidi, kwa sababu kule juu maji ni baridi, na ngege hupoteza hamu ya kula maji yakishuka chini ya nyuzi 20. Chakula ulichodhani ni cha mwezi hugeuka kuwa cha miezi miwili bila wewe kujua.

Kabla ya kulipa, soma tarehe ya kutengenezwa. Chakula kikavu kikitunzwa vizuri hudumu takriban miezi mitatu, na siku zinahesabiwa tangu kilipotoka kiwandani, si tangu kilipofika kwako. Ukiuziwa kilichopimwa kwenye mfuko uliokwisha kufunguliwa, hujui kilipigwa na hewa tangu lini. Mfuko uliokaa juani mbele ya duka nao uuache hapohapo: joto huua vitamini, hasa vitamini C, na samaki wanaoikosa kwa muda mrefu hupinda mgongo na vidonda vyao havifungi. Mafuta nayo huchacha. Chakula kilichochacha hunuka kama rangi ya ukutani, na samaki hukisogelea kisha hukitema. Wengi hudhani wameshiba.

Safari ya kutoka dukani ina hatari zake. Mfuko ukifungwa nyuma ya bodaboda bila turubai, mvua ya dakika kumi inatosha. Mfuko ukitupwa kutoka kwenye gari, peleti husagika, na vumbi lake samaki hawalili. Huyeyuka majini, huoza na kumaliza hewa ya samaki. Chukua kilo moja, ipepete, upime vumbi. Ukipata gramu 50, basi katika kila mfuko wa kilo 20 unamwaga kilo nzima.

Ghala lenyewe si lazima liwe la fahari. Chumba cha udongo kilichopigwa lipu kinafaa, mradi paa halivuji na hewa inapita. Weka chaga za mbao zenye kimo cha sentimita 15, kwa sababu hata sakafu ya saruji huvuta unyevu kutoka ardhini na kuupandisha kwenye mfuko wa chini kabisa. Acha nafasi ya sentimita 50 kati ya mifuko na ukuta, hewa ipite na wewe upite kukagua panya. Usipange zaidi ya mifuko kumi kwenda juu, maana ya chini itapondeka. Andika kwa kalamu nzito tarehe ya kila mfuko kuingia; uliotangulia kuingia ndio utangulie kutoka. Wapo wanaopanga mifuko mipya mbele ya mizee kila mara, na ule wa nyuma kabisa hukaa mwaka.

Mabati yasiyo na dari yana tatizo lake. Mchana chumba huwa tanuri, usiku bati hupoa, unyevu wa hewa hugeuka matone na kudondokea mifuko. Mtu huona mfuko umelowa juu na kushangaa, kwani mvua haikunyesha. Dari ya magunia au mikeka chini ya bati hupunguza joto, na matundu ya hewa pande mbili zinazoelekeana hufanya mengi kuliko dirisha moja kubwa. Matundu hayo yafunikwe kwa waya wenye nafasi zisizozidi milimita 6, kwa sababu panya mdogo hupenya pembamba. Tumia mitego. Sumu ya panya isiingie kabisa katika chumba hicho, maana panya huibeba na kuimwaga katikati ya mifuko.

Hapa nataka kusisitiza jambo ambalo katika maboma mengi halichukuliwi kwa uzito. Chumba kimoja huwekwa chakula cha samaki, mbolea, dawa ya kunyunyizia mahindi na dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe. Baadhi ya dawa hizo za kupe zina kemikali za jamii ya pairethroidi, ambazo ng'ombe huzistahimili lakini samaki huuawa na kiasi kidogo mno. Chupa ikivuja juu ya mfuko mmoja, au mkono uliopima dawa ukichota chakula bila kunawa, unaweza kupoteza kidimbwi chote. Dawa ziwe na kabati lake, chumba kingine. Wala pipa lililowahi kubeba kemikali lisihifadhi chakula, hata likioshwa mara saba.

Wenye vitotoleshi, yaani mahali pa kuangulia vifaranga, wana chakula cha pekee: kile kilichochanganywa na homoni ya kugeuza vifaranga vya ngege kuwa madume, wanachopewa kwa wiki tatu hadi nne tu. Hicho kiwe kwenye chombo chenye mfuniko na maandishi makubwa, mahali pa baridi na giza, mbali na watoto. Jokofu la chakula cha familia si mahali pake.

Kuhusu ukungu, wengi hukosea kwa kuhurumia pesa. Chakula kikizidi unyevu wa asilimia 12 hivi, kuvu huanza kupata nguvu, na baadhi yake hutoa sumukuvu, yaani aflatoksini, ileile iliyoua watu zaidi ya 100 Ukambani mwaka 2004 kupitia mahindi. Kwa samaki haiui papo hapo. Huharibu ini polepole, samaki hawakui na magonjwa huwashika kwa urahisi. Ukianika chakula kilichoota ukungu, utakikausha tu. Sumu haiondoki kwa jua wala kwa kuchemsha. Kuwapa kuku au bata ni kuhamisha msiba, na bata ni dhaifu zaidi mbele ya sumu hiyo. Mabonge ndani ya mfuko, rangi ya kijani au kijivu, harufu ya uvundo: chimba shimo mbali na maji, uzike mfuko mzima. Usichambue ili kuokoa upande unaoonekana mzima.

Wanaojichanganyia chakula nyumbani wawe macho zaidi. Pumba za mchele za Ahero ni nzuri, lakini mafuta yake huanza kuchacha siku chache tu baada ya kukobolewa. Nunua za wiki hiyo. Omena (dagaa) na ochong'a (kamba wadogo wa ziwani) walioanikwa wakati wa mvua mara nyingi hawajakauka ndani, na waliotandazwa chini hubeba mchanga. Mahindi kabla ya kusagwa yapimwe kwa chumvi: tia chumvi kavu na punje katika chupa kavu ya kioo, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15, usiyasage. Isiponata, bado yaanike siku nyingine, kwa sababu kipimo hiki hakioni tofauti ya asilimia 12 na 14.

Walio na vizimba ziwani wasilaze mifuko kwenye jukwaa au kwenye mashua. Peleka cha siku moja, katika ndoo yenye mfuniko, kilichobaki kirudi nchi kavu.

Naomba wenye maduka ya pembejeo waache kubandika bei juu ya tarehe. Na afisa wa uvuvi wa kaunti anapokuja kupima maji ya kidimbwi, mfugaji amfungulie pia mlango wa ghala, aanze kwa mfuko wa chini kabisa.

Mfugaji wa samaki,
Yala, Siaya