Barua kwa Mama Neema: cha kunywa jioni badala ya kahawa

Lubumbashi, mwezi wa saba

Mama Neema, rafiki yangu mpenzi,

Jambo sana. Salamu kwako, kwa Baba Neema na kwa watoto wote. Sisi huku tuko salama, ila baridi ya mwezi huu inatubana kweli. Asubuhi tunaamka tumejifunga vikwembe juu ya sweta, na mbabula, lile jiko letu la makaa, haizimwi. Barua yako ilinifikia vizuri. Nimeisoma na kuirudia, hasa pale uliposema kwamba daktari amekukataza kahawa baada ya saa sita mchana, na kwamba tangu hapo jioni zako hazina ladha. Nakuelewa kabisa. Mtu aliyezaliwa Kalehe, akakua kati ya mibuni ya baba yake, hatulizwi na maji ya moto yenye limau.

Nianze na daktari, kwa sababu ana haki. Kafeini haitoki mwilini upesi. Kwa mtu mzima mwenye afya, inachukua saa 5 hivi ipungue nusu tu. Kikombe unachokunywa saa kumi na moja jioni huku ukisahihisha kazi za wanafunzi, ikifika saa nne usiku nusu yake bado inakukesheza. Na wale jirani waliokushauri uhamie chai nyeusi hawakukusaidia, maana chai nayo ina kafeini, hata kama kikombe chake kina pungufu kuliko cha kahawa. Kwa hiyo kikombe chako cha asubuhi kibaki, tena kiwe kizuri, arabika ya huko kwenu iliyokaangwa juzi. Tunachotafuta ni cha saa kumi mpaka wakati wa kulala.

Sasa nikuambie ninavyoona mimi, maana jambo hili nimelifuatilia kwa moyo tangu nilipoacha kahawa ya jioni. Unachokililia jioni, Mama Neema, kwa sehemu kubwa ni kazi ya moto: harufu ya kitu kilichokaangwa hadi karibu na kuungua, uchungu mdogo unaobaki nyuma ya ulimi, weusi ndani ya kikombe. Buni mbichi haina hata kimoja cha hivyo. Ukikaanga mzizi, au nafaka, au soya, moto unafanya kazi ileile: sukari na protini zinageuka, rangi inakolea, harufu inatoka nje mpaka jirani anauliza unapika nini. Ndiyo sababu mwenye kiu ya kahawa ukimpa majani ya bustani yaliyochemshwa hatosheki, hata yawe mazuri namna gani. Mpe kwanza kilichopita motoni. Majani yana saa yake, nitayafikia.

Kinachokaribia kahawa kuliko vyote ni chikori. Ni mmea wa maua ya buluu, na Wabelgiji wanaulima kwa namna mbili: aina moja inawapa yale machipukizi meupe wanayopika au kula kama saladi, aina nyingine ina mizizi minene ambayo huoshwa, hukatwa vipande, hukaushwa, hukaangwa na kusagwa. Wafaransa waliikumbatia hasa kuanzia mwaka 1806, Napoleon alipofunga biashara na Uingereza na kahawa ikawa adimu na ghali Ulaya. Kahawa iliporudi, watu wa kaskazini ya Ufaransa na wa Ubelgiji hawakuiacha chikori yao. Kampuni ya Leroux, ya mji mdogo wa Orchies, inaitengeneza tangu 1858. Nakueleza hayo kwa sababu najua utasikia watu wakisema ni kinywaji cha shida, cha wasio na pesa ya kahawa. Watu hawabaki na kinywaji zaidi ya miaka 200 kwa sababu ya shida tu.

Ladha yake sasa. Pua inakutana kwanza na sukari iliyoungua. Mdomoni inaingia nzito, laini, yenye utamu wake wenyewe, halafu uchungu unakuja mwishoni na kukaa kidogo. Utamu huo unatokana na inulini, aina ya wanga uliomo kwenye mzizi, ambao moto huuvunja kwa sehemu na kuacha sukari ya matunda. Kwa hiyo nakuomba sana: onja vikombe vya kwanza bila sukari. Watu wetu wanamwaga vijiko vitatu kabla hata ya kunusa, kisha wanasema vinywaji vyote ni sawa! Kitu kimoja hutakipata humo, na ni vema ulijue mapema ili usikitafute: ule uchachu wa matunda unaoupenda katika kahawa ya Idjwi. Chikori haina uchachu huo. Mimi hupenda kuinywa na maziwa ya moto, nusu kwa nusu, pamoja na kiazi kitamu cha kuchemsha. Usizidishe vikombe viwili kwa siku mwanzoni, kwa sababu inulini ikifika tumboni kwa wingi inaleta gesi, na wewe una darasa la kusimamia.

Angalia pia maandishi ya pakiti kabla ya kulipa. Makopo mengi yenye jina la chikori yamechanganywa na kahawa. Ricoré ya Ufaransa ni mchanganyiko wa namna hiyo, na Ricoffy inayotoka Afrika Kusini vilevile. Ni vinywaji vizuri, lakini ni vya asubuhi. Usiku vitakurudisha palepale unapotoka. Tafuta pakiti iliyoandikwa chicorée peke yake.

Na namna ya kuipika ina maana huko kwenu kuliko unavyodhani. Bukavu iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kwenye urefu huo maji yanachemka yakifika nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Kwa unga wa mizizi, ukimwagia tu maji ya birika unapata kitu chepesi kisicho na mwili. Tia kijiko kimoja kidogo kwa kila kikombe ndani ya sufuria, acha ichemke taratibu kama dakika 5, kisha iache itulie kabla ya kuchuja.

Nikija kwenye mahindi, hapa ndipo furaha yangu ilipo, kwa sababu hayahitaji pakiti wala ndege. Wakorea wengi wananywa maji ya mahindi ya kukaanga nyumbani, na Wajapani wanafanya hivyo kwa shayiri, wakati wa joto wakiinywa baridi. Waitaliano nao wana shayiri yao ya kukaanga, wanaiita orzo, na wanaiagiza kwenye baa kama wanavyoagiza kahawa. Shayiri huku kwetu mtu anayeijua ni wa kiwanda cha bia, lakini mahindi nani hana?

Chukua mahindi makavu ya kula. Narudia, ya kula, si mbegu za kupanda, maana zile hupakwa dawa. Yachague kwa mkono. Punje yenye ukungu itupe, usiihurumie. Weka sufuria nzito juu ya mbabula, makala yawe yameshika vizuri bila ndimi za moto, na ukoroge kwa mwiko bila kupumzika. Kwanza yanakuwa ya manjano iliyokolea, kisha kahawia, na baadhi yanapasuka. Ukitaka kinywaji chepesi, simama kwenye kahawia. Wewe najua utataka kwenda mbele, hadi karibu na weusi, ila ukiona moshi wa bluu toa haraka, maana hapo yanageuka majivu mdomoni. Yaache yapoe kabisa, kisha yatwange kwenye kinu mpaka yawe chenga, usiyafanye unga, la sivyo utapata uji. Vijiko viwili vikubwa kwa lita moja ya maji, dakika 10 motoni, chuja. Inanukia kama kona ya barabara wakati mama wa mahindi ya kuchoma anapogeuza magunzi yake. Haina uchungu wa chikori, na ndiyo maana wakati mwingine nachanganya vyote viwili: mahindi kwa harufu, chikori kwa uzito. Mchanganyiko huo ndio ninaowapa wageni wa saa kumi, na hapa Lubumbashi hawaushangai, kwa sababu mahindi na mizizi wameyazoea tangu utoto kwenye munkoyo. Unakumbuka ile munkoyo tuliyokunywa ulipokuja kututembelea? Kazi yake ni nyingine, haikaangwi: mizizi inapondwa na kutiwa kwenye uji wa mahindi unaopoa, na vimeng'enya vilivyomo vinauvunja uji mzito mpaka unakuwa mwepesi na mtamu. Lakini midomo yetu inaujua mzizi kama kinywaji.

Soya mnayo nyingi huko Kivu, na watu wanaikaanga na kuinywa kama kahawa. Kwa ladha yangu, ikiwa peke yake ina mafuta mengi na inaelekea karanga. Ikaange iive hadi ndani, kwa sababu soya mbichi inalisumbua tumbo, na uitie robo tu kwenye mahindi. Hapo inaleta povu jepesi na unene unaopendeza.

Sasa majani. Usiku, kazi zikiisha na watoto wamelala, sitaki tena kilichoungua. Hapo nachukua rooibos. Kichaka chake kinaota kwenye milima ya Cederberg, kaskazini ya Cape Town, na huku kwetu kinafika kwa njia ya malori yanayopita Zambia na kuingia Kasumbalesa. Si mchai, hakina kafeini hata kidogo. Vijiti na majani hukatwa, hupondwa, hulowanishwa na kurundikwa yapate hewa, na hapo ndipo kijani kinageuka chekundu, kisha hutandazwa juani. Ladha yake ni ya asali na mti mkavu. Kina tanini, ile inayokaza ulimi, kidogo kuliko chai, kwa hiyo hata ukikisahau motoni hakiwi kikali. Mimi nakichemsha makusudi, muda mrefu, na kukinywa na maziwa. Kwa mtu wa kahawa ndicho pekee kati ya majani chenye uzito wa kutosha.

Sitroneli, yaani mchaichai, unayo nyuma ya nyumba, sihitaji kukufundisha. Neno moja tu: funga majani mabichi fundo, yaponde kidogo kwa mpini wa kisu, tia kipande cha tangawizi, na uzime moto mapema. Ikichemka sana harufu yote inakwenda juu na mvuke, na wewe unabaki na maji ya nyasi.

Kuhusu kichwa kinachokuuma tangu ulipoacha vikombe vya mchana, usiogope. Mwili uliozoea kafeini huanza kudai ndani ya saa 12 hadi 24, na mara nyingi maumivu yanaisha ndani ya siku chache, kwa wengine yakifika wiki au kupita kidogo. Ungepunguza taratibu, kikombe kimoja baada ya kingine, yangekuwa madogo. Kama yanazidi au moyo bado unakupiga vile ulivyoandika, rudi kwa daktari, usiyatibu kwa majani, hata yangu haya.

Kuna ndugu wa kanisani anayesafiri kuja Bukavu mwisho wa mwezi. Nimempa pakiti mbili za chikori tupu, sanduku la rooibos, na mfuko mdogo wa mahindi niliyoyakaanga mwenyewe ili uone rangi ninayoisema. Mfuko huo uufungue kwanza, harufu haikai muda mrefu. Akirudi, mpe nusu kilo ya arabika ya kwenu, nami asubuhi zangu ziwe nzuri kama zako. Na uniandikie soya ilivyokutokea, hasa kama Baba Neema ameikubali, maana yeye najua hasemi uongo kuhusu kilichomo kikombeni.

Msalimie Mama mkwe, na umbusu Neema mashavu yote mawili.

Rafiki yako,
Mama Josué