Chumvi haikumaliza ugonjwa wa tezi

Mheshimiwa Mhariri,

Makala yenu kuhusu goita, ule uvimbe wa tezi ya shingo, katika kisiwa cha Idjwi cha Ziwa Kivu nimeisoma yote, na ninabishana nayo mahali pamoja tu, pale mwishoni, mwandishi aliposema kwamba tangu chumvi yenye iodini ienee madukani ugonjwa wa tezi ya shingo umebaki hadithi ya wazee. Goita kubwa imepungua kweli. Wanafunzi wangu hawajui kabisa zile shingo ambazo mama zetu walizifunga kitambaa. Lakini tezi inaweza kulegea bila shingo kuvimba hata kidogo, na sisi wenye ugonjwa wa namna hiyo tunaisha polepole huku kila mtu akitutazama shingo na kusema: huna kitu.

Ya Idjwi mwandishi ameyaeleza sawa, ila ameuruka muhogo. Miaka ya 1960 watafiti wa Kibelgiji waliokuwa na IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi pale Lwiro, si mbali na Bukavu, waliwapima watu wa kisiwa hicho. Iodini ilikuwa haba pande zote. Hata hivyo kaskazini zaidi ya nusu ya watu walikuwa na goita, na kusini-magharibi wachache mno. Kilichotofautisha pande hizo ni ulaji wa muhogo. Muhogo usioloweshwa vizuri hubaki na sumu ya sianidi. Mwili unaigeuza kuwa kitu kingine, tiosianati, ambacho kinaizuia tezi isiichukue hata ile iodini kidogo iliyopo. Basi mama anayelowesha muhogo wake siku kadhaa kabla ya kuanika, asiruhusu mtu amharakishe kwa sababu wateja wa unga wanangoja.

Sasa, huo ni ugonjwa wa kukosa iodini. Upo mwingine, ambao chumvi haiuwezi. Kinga ya mwili, ile ile inayopigana na vijidudu, inaigeukia tezi na kuila kidogo kidogo kwa miaka. Daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliuandika mwaka 1912, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Pale ambapo watu wanapata iodini ya kutosha, huu ndio unaoongoza kwa kuidhoofisha tezi, na huwapata wanawake kuliko wanaume kwa mbali sana. Kumzidishia mgonjwa wa Hashimoto iodini hakumponyi, kunaweza hata kumzidishia ubaya. Nasema hivi kwa sababu nimekwisha kuona jirani akikoroga chumvi kwenye maji ya uvuguvugu na kunywa kila asubuhi, eti anaitibu tezi. Anajipandishia presha bure.

Ugonjwa huo wa Hashimoto mimi ninao, na naomba niseme jinsi unavyojificha katika mji kama Bukavu. Unasikia baridi isiyoisha. Lakini sisi tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, nani hapa hana triko? Unachoka, nani hajachoka, kwa haya tuliyopitia? Unaongezeka kilo huku unakula nusu sahani ya bugali na samaki wadogo wa sambaza, na wamama wanakupongeza: umenona, baba watoto anakutunza. Ngozi inakauka, nywele zinabaki kwenye kitana, choo kinakuwa kigumu, siku za mwezi zinakuja na damu nyingi kupita kawaida. Unasahau majina ya wanafunzi uliowafundisha mwaka mzima. Kwaya ilinihamisha kutoka soprano kwenda alto kwa sababu sauti ilikuwa imekwaruza na kushuka, na kiongozi akadhani ni umri. Dada wa mume wangu alipoona uso umevimba asubuhi na nywele zimekatika, akasema waziwazi ni karuho, nimetiliwa sumu, na akatafuta mtu wa kunitapisha. Nilikataa, ndugu zake wakakasirika.

Kwenye vituo vya afya nilikuwa napewa tifoidi. Kila ukienda na uchovu, unapimwa Widal, kipimo cha damu cha tifoidi; Widal inakuja na maandishi ya wino mwekundu, unaandikiwa antibiotiki. Ukirudi, Widal tena. Siwataji, na wala si kituo kimoja. Muuguzi mwenye foleni ya watu hamsini nje anatafuta kinachoua haraka, malaria na tifoidi, na huo si upumbavu. Kosa ni kwamba hakuna mahali katika mazoea yetu ambapo mtu husimama na kuuliza: huyu mama amerudi na uchovu ule ule, dawa hazijamsaidia, tumepima nini kingine?

Aliyeuliza ni daktari kijana aliyekuwa bado anafanya stajye, yaani mafunzo ya kazini. Aliushika mkono wangu, akahesabu mapigo, akaona yanakwenda taratibu mno. Akanipigisha magoti juu ya kiti, miguu ikining'inia, akagonga mshipa wa kisigino kwa nyundo yake ndogo. Mguu uliruka, halafu ukarudi mahali pake polepole, mpaka na mimi niliona. Hakuwa na mashine yoyote. Ndipo akaandika kwenye karatasi herufi tatu, TSH, yaani nikapimwe damu.

Wengi wananiuliza kwa nini majibu ya TSH yakiwa juu tezi inasemwa iko chini. TSH ni homoni, lakini haitoki kwenye tezi ya shingo, inatoka kwenye tezi nyingine ndogo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamsha ile ya shingoni. Mama akimwita mtoto na mtoto haitikii, mama hupaza sauti. TSH ni sauti ya mama. Kwa mtu mzima mpaka wa kawaida uko karibu na 4. Yangu ilikuwa imeuacha mbali.

Dawa ni levotiroksini, homoni ile ile ambayo tezi ingeitengeneza, na iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Kidonge ni kidogo, kinapimwa kwa mikrogramu, na wengi wetu tutakimeza maisha yote. Ugumu uko kwenye kifungua kinywa. Kinataka tumbo tupu na maji matupu, kisha ungoje nusu saa au saa nzima kabla ya chai. Kahawa inakipunguza nguvu. Uji wa masoso, kwa ajili ya soya iliyomo, vilevile. Vidonge vya chuma wanavyopewa wajawazito, na vya kalisi (kalsiamu), vikae mbali nacho saa nne. Nimekutana na mama aliyekuwa akimeza vyote kwa mkupuo pamoja na uji, akisema dawa ya Wazungu haimfai. Baada ya kubadilishiwa kiasi cha dawa, unapima tena TSH baada ya wiki sita mpaka nane; kabla ya hapo ni kupoteza pesa, maana mwili unachelewa kuonyesha. Na usitegemee kuamka mzima kesho yake. Baridi ilinitoka kwanza. Akili ilichelewa, nywele zikachelewa zaidi. Mchungaji wangu, Mungu ambariki, aliniambia nimeze kwanza ndipo niombe.

Februari 2025, vita vilipofika Bukavu, farmasi zilipofunga milango na mji mzima ukajifungia ndani, niligundua faida moja ya dawa hii: inakaa mwilini muda mrefu, nusu yake hutoka kwa karibu wiki moja, kwa hiyo siku chache bila kidonge hazikuangushi. Wiki nyingi ndizo zinazokuangusha. Tangu hapo naweka akiba ya mwezi, kwenye pakiti yake, mbali na jiko na dirisha, kwa sababu joto, mwanga na unyevu vinaiharibu. Anayenunua vidonge vilivyofunguliwa na kuwekwa kwenye karatasi ya daftari hajui ananunua nini.

Wanaonitia wasiwasi kuliko mimi ni wajawazito. Miezi ya kwanza mtoto tumboni hana homoni yake, anaishi kwa ya mama, na ubongo wake unajengwa kwa hiyo. Mama mwenye tezi dhaifu akishika mimba, mara nyingi kiasi cha dawa kinapaswa kupandishwa mapema, si kungoja tumbo lionekane. Asiyejua kama anaugua, nani atampandishia? Kuna pia watoto wanaozaliwa tezi haipo au haifanyi kazi. Quebec, kule Kanada, walianza mwaka 1974 kuchukua tone la damu kisiginoni kwa kila mtoto mchanga kwa ajili hiyo, na nchi nyingi zikafuata, kwa sababu mtoto akianza dawa katika wiki mbili za kwanza anaokolewa akili yake. Nimezaa hapa Bukavu, dada zangu wamezaa hapa, na hakuna mtoto wetu aliyechomwa kisigino. Sidai waanze kesho kwa watoto wote. Lakini mtoto mwenye manjano isiyokwisha, anayelala mno, asiyenyonya vizuri, mwenye kitovu kilichotokeza na choo kigumu, apimwe, asiambiwe ni mpole.

Kwa wakuu wa maeneo ya afya ombi langu ni dogo: mwanamke akirudi mara ya tatu na uchovu ule ule, TSH iandikwe kabla ya Widal nyingine. Kwenu, mhariri, nina jingine. Kila wiki mnachapisha bei ya dola na bei ya mafuta. Kwa mshahara wa mwalimu kipimo hiki kinauma, na labo moja haifanani bei na ya jirani yake. Tumeni mwandishi azunguke komine zetu tatu za mji, Ibanda, Kadutu na Bagira, aulize labo gani zinapima TSH, majibu yanatoka baada ya siku ngapi, na kwa faranga ngapi, kisha mtuwekee hapo kando ya dola.

Mwalimu wa shule ya msingi, Kadutu, Bukavu