Samaki wa kuachiliwa asichoshwe hadi kufa

Mhariri,

Nimeisoma makala ya ukurasa wenu wa michezo iliyomsimulia mvuvi wa Marekani aliyepambana na samaki aitwaye besi milia kwa dakika 40 akitumia mshipi mwembamba wa ziwani, kisha akapiga naye picha na kumrudisha majini. Mwandishi alizisifu sana dakika hizo 40, na naomba nafasi ya kuzipinga, kwa sababu najua wapo vijana wa Moshi na Arusha waliozisoma kwa tamaa na ambao kaskazi ikianza watashuka Pangani na Tanga wakitaka kufanya vivyo hivyo.

Mimi ni fundi wa Majengo. Kazi yangu kubwa ni cherehani, lakini kwa miaka 19 sasa wavuvi wa burudani wananiletea rili zao, yaani vile vifaa vya kukunjia mshipi, wengine wakitoka bwawa la Nyumba ya Mungu na wengine wakitoka baharini, na rili ikishafunguliwa mezani hueleza yenyewe jinsi mwenyewe alivyoitumia. Mteja wangu mmoja aliyesoma miaka mitatu jimboni Maryland ndiye aliyenifundisha habari za besi milia, na tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kumhusu samaki huyo.

Besi milia ana mistari myeusi saba au minane inayokwenda ubavuni kutoka kichwani hadi mkiani. Huishi baharini, lakini hupanda mitoni kutaga mayai, hasa katika mito inayoingia ghuba ya Chesapeake na katika mto Hudson. Mwaka 1879 samaki wadogo 132 walisafirishwa kwa treni kutoka New Jersey hadi California, wakazaliana huko, na katika miaka ya 1940, baada ya mabwawa ya Santee-Cooper kujengwa South Carolina, wale waliozibiwa njia ya kurudi baharini walionekana wakizaliana kwenye maji yasiyo na chumvi. Kwa hiyo samaki huyo huyo mmoja huvuliwa ziwani kwa ufito mwepesi na baharini kwa ufito mrefu wa karibu mita 3, na nadhani hapo ndipo mwandishi wenu alipopotea, akaona kwamba kifaa cha ziwani kinatosha popote samaki alipo.

Jambo ambalo makala haikulitaja ni kwamba besi milia wengi wanaonaswa na wavuvi wa burudani ni lazima waachiliwe. Samaki hawa walipungua vibaya hata Bunge la Marekani likatunga sheria ya kuwalinda mwaka 1984, na tangu mwaka 2023 mvuvi wa baharini huko anaruhusiwa kubaki na samaki mmoja tu kwa siku, mwenye urefu wa kati ya sentimita 71 na 79. Wasimamizi wanakadiria kwamba kati ya kila samaki 100 wanaorudishwa majini, 9 hufa. Picha haiwezi kuonyesha kifo hicho, kwani samaki huonekana akiogelea na kuondoka. Anapopambana hutumia misuli inayofanya kazi bila oksijeni ya kutosha, tindikali inajikusanya mwilini, na kadiri pambano linavyorefuka ndivyo anavyokosa uwezo wa kuiondoa. Maji ya joto yana oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, kwa hiyo dakika zinazovumilika wakati wa baridi zinaweza kumuua samaki yule yule wakati wa joto, na maji ya bahari ya Pangani ni ya joto mwaka mzima.

Nasema haya nikiwa na uchungu wangu mwenyewe. Mwaka jana, mwezi wa Februari, nilimnasa kolekole kwa rili ndogo niliyozoea kuvulia kambale, na kwa kuwa mshipi ulikuwa mwembamba sikuthubutu kumkaza, nikamwacha aende na kurudi kwa karibu nusu saa. Nilikuwa nimenuia kumwachilia. Alipofika ubavuni mwa ngalawa alikuwa amelala upande, na ingawa nahodha alimshika mkia akamsogeza mbele taratibu ili maji yapite kwenye matamvua yake, hakuzinduka. Tulimla, na kumla kolekole si kosa, lakini nilijua kwamba nimemuua kwa kifaa nilichokichagua.

Siri ya pambano fupi iko kwenye breki ya rili, inayozuia mshipi usitoke ovyo samaki anapovuta, na hapa ndipo ninapoona makosa mengi zaidi mezani kwangu. Wengi huipima kwa kuvuta mshipi kwa vidole na kusema inatosha. Kipimo sahihi ni mizani ya springi: unafunga ncha ya mshipi kwenye mizani, unavuta, na breki inatakiwa kuachia kwenye robo hadi theluthi ya uzito ambao mshipi unaweza kuubeba. Mshipi wa kilo 9 basi huachia kwenye kilo 3, si zaidi. Kinachosahaulika ni kwamba nguvu hiyo haibaki ilivyo. Samaki anapokimbia na mshipi, bobini, yaani kibiringo kilichozungushiwa mshipi, inapungua unene, na kipenyo cha mzingo wa mshipi uliobaki kikifika nusu ya kile cha mwanzo, breki ile ile ambayo hakuna mkono ulioigusa itakuwa inavuta karibu kilo 6, kabla hata hujahesabu uzito wa maji yanayokokota mshipi mrefu. Bobini ndogo ya ziwani hufika hapo upesi sana. Mvuvi hushangaa mshipi kukatika samaki akiwa mbali, akalilaumu duka, na wakati huo samaki ameondoka na ndoana na mita 100 za mshipi zikimfuata. Rili ya baharini ina bobini kubwa na washa (visahani) pana za breki kwa sababu hiyo, wala si kwa mapambo.

Mikono nayo ina wajibu wake. Samaki akikimbia, mpini wa rili usizungushwe. Katika rili yenye bobini iliyo wazi mbele, kila mzunguko wakati breki inateleza huusokota mshipi. Akitulia, ufito uinuliwe taratibu bila kuzungusha, kisha ushushwe huku mshipi ukikusanywa. Na ufito ukilazwa upande ulio kinyume na anakoelekea, kichwa chake hugeuka, na samaki aliyegeuzwa kichwa hawezi kuutumia mkia wake kwa nguvu zote. Kuusimamisha ufito wima, kama tulivyoona pichani, kunauweka katika hatari ya kuvunjika kwenye ncha na humpa samaki nafasi ya kupumzika.

Kuhusu ndoana nitasema machache. Tangu mwaka 2021 anayevua besi milia kwa chambo katika pwani ya Atlantiki ya Marekani anatakiwa kutumia ndoana ya duara, ambayo hushika pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa hadi tumboni, mradi tu mvuvi asiikurupushe kwa kuvuta ghafla. Sioni sababu ya sisi kungoja sheria ndipo tuitumie Pangani.

Rili iliyotoka baharini ikazwe breki kwanza, iogeshwe kwa maji yasiyo na chumvi yanayotiririka polepole, ifutwe, kisha breki ilegezwe kabla ya kuhifadhiwa. Maji ya mpira yenye kasi huisukuma chumvi ndani kwenye beringi, na nimeshatupa gia nyingi zilizoliwa kwa namna hiyo.

Naomba gazeti lako lichapishe maelezo haya kabla wanafunzi hawajafunga shule mwezi wa Desemba. Mizani ya springi ninayo karakanani, na yeyote anayekwenda pwani na rili yake nitampimia breki bila malipo, akiwa amejaza mshipi ule ule atakaovulia.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Majengo, Moshi