Mwanga peke yake hauitoi kromi majini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie vichocheo vya mwanga, yaani unga unaofanya kazi ya kikemia ukipigwa na mwanga, maana sifa zake zinaenea kuliko maelezo yake. Watu wanaambiwa: tia unga wa dioksidi ya titani, anika maji juani, metali zenye sumu zitaisha. Haziishi! Rangi ya nguo huvunjwavunjwa na kichocheo hicho mpaka ikatoweka, lakini metali ni elementi. Mwanga huibadilisha hali tu; kuitoa ni kazi nyingine.

Chukua maji machafu ya karakana ya kupaka vyuma kromi. Yana kromi 6, yaani kromi iliyopungukiwa elektroni sita, ya manjano, inayoyeyuka kirahisi na kuleta saratani. Miale ya urujuanimno ikiupiga unga, elektroni huchomoka, na elektroni tatu huigeuza atomu moja ya kromi 6 kuwa kromi 3, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Weka gramu 1 ya unga kwa lita, shusha pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) iwe kati ya 2 na 3, koroga gizani nusu saa, ndipo uanike. Kina kisizidi sentimita chache, kwa sababu kromi 6 yenyewe huimeza miale hiyo: maji yakiwa ya manjano mazito, unga wa chini hauoni jua. Usifunike kwa polikaboneti ya paa, huzuia urujuanimno. Taa nyeupe ya LED nayo haifai kitu hapa.

Unga pia unahitaji kitu cha kuuachia elektroni badala ya zile zilizotoka, la sivyo zilizotoka hurudi pale pale na kazi inadorora. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. EDTA, kemikali inayoshika metali, huharakisha kweli, ila huing'ang'ania kromi 3 hata chokaa isiweze kuiangusha. Asidi ya sitriki nayo ina tabia hiyo. Asidi ya fomiki ni afadhali. Vaa glavu na miwani, inaunguza.

Manjano yakishapotea, watu humwaga maji wakidhani wamemaliza. Hata kipimo cha difenilikabazaidi, kinachogeuka zambarau penye kromi 6, kikibaki cheupe hakisemi lolote kuhusu kromi 3, na yote bado imo. Pandisha pH kwa chokaa hadi 8 au 9, tope la kijani litatuama, kisha chuja. Ukizidisha, hasa kwa kostiki soda, tope huanza kuyeyuka tena. Unga wa titani nao huzama humo humo ukapotea, ndiyo maana ni bora kuugandisha kwenye vioo tangu mwanzo.

Tope hilo lisichomwe: joto, hewa na chokaa huirudisha kuwa kromi 6. Na kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, miligramu 0.05 kwa lita, ni cha kromi yote, kwa hiyo maabara ipime zote mbili.

Maji yenye kromi 6 nyingi yaanze na metabisulfaiti ya sodiamu, kemikali inayoigeuza kuwa kromi 3 bila mwanga, karibu kilo 3 kwa kila kilo ya kromi. Mwanga ubakie kwa maji yenye kromi 6 kidogo. Wenye viwanda vya ngozi wasinunue unga huu kabisa kwa ajili ya kromi yao. Chumvi wanayolainishia ngozi ni kromi 3 tangu dukani. Wanachohitaji ni chokaa, bwawa la kutuamishia na mtu wa kusoma pH kila siku.

Msomaji wako,
Morogoro