Yule mvuvi wa Ukerewe

Bukavu, Jumapili jioni

Neema dada yangu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ingawa mvua imetuletea matope mpaka mlangoni.

Unamkumbuka yule mgonjwa niliyekupigia simu usiku kwa ajili yake? Alifika akitapika damu, wengu umeshuka hadi kitovuni. Nilipima homa ya ini B, hakuna. C, hakuna. Nikabaki na kasiksi tu, pombe yetu ya ndizi. Siku mbili nilimwuliza anakunywa kiasi gani, siku mbili akanijibu, "Docta, mimi sinywi." Sikumwamini, na hilo linaniuma mpaka leo. Wewe uliuliza swali moja: amewahi kuishi ziwani kwenu? Nikarudi kitandani kwake. Kumbe alivua dagaa Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, miaka kumi na mmoja! Kichocho, minyoo inayoambukizwa kwenye maji ya ziwa, kilikuwa kimejaza makovu kwenye mishipa ya ini, damu ikakosa njia, ikapasua mishipa ya umio.

Nakushukuru, lakini sina raha. Uhai wa mtu ulitegemea namba yako ya simu. Na daktari asiyekujua je?

Wenzetu wa Ulaya waliunda chama chao cha madaktari wa ini mwaka 1966, wa Asia na Pasifiki mwaka 1978, na miongozo yao wanaiandika wakiwatazama wagonjwa wao. Ni haki yao. Ila mwongozo wa Ulaya hautanikumbusha Ukerewe, wala karanga zilizoota ukungu ghalani, ambazo sumu yake ikikutana na homa ya ini B huleta saratani mtu angali kijana. Hayo tunayajua sisi, kila mmoja na daftari lake, upande wake wa mpaka.

Naomba hivi. Zungumza na chama chenu cha madaktari huko, nami nizungumze na wenzangu hapa na Bujumbura. Tuanze na karatasi moja ya Kiswahili kwa kila mgonjwa wa ini: umeishi wapi, umevua au kuoga ziwa gani, mama na wadogo zako wamepimwa homa ya ini B? Hilo la mwisho naling'ang'ania. Mtoto anaweza kuambukizwa akizaliwa, ndiyo maana chanjo inatakiwa ndani ya saa 24, na huku wengi wanaipata wiki ya sita.

Nitumie maswali unayowauliza wavuvi, hata kwa picha ya simu.

Mgonjwa wetu amemeza dawa, anakusalimu. Jana alishuka ngazi mwenyewe, akamnunulia binti yake ndizi.

Wako,
Espérance